Mwezi Kwanza, Hoteli Baadaye

Chama chetu cha wanawake wa Buruburu, Nairobi, kilianza kama vyama vingi: sufuria, mitungi ya gesi, michango ya mazishi. Safari za pwani ziliingia baadaye, mwenzetu mmoja aliposema amechoka kununua vyombo. Tukaanza kuweka akiba ya pembeni. Kwa kuwa mimi ndiye niliyepiga simu ya kwanza kuulizia nyumba Diani, kazi ya kupanga ikanikalia, na hakuna aliyewahi kujitolea kunipokea mzigo.

Mtu wa Nairobi akipanga likizo ya bahari huanza na hoteli. Hutazama picha za bwawa la kuogelea, huuliza kama chakula kimo ndani ya bei, kisha hutafuta tarehe ambazo shule zimefungwa na bosi hayuko. Bahari yenyewe huwa haina swali lolote la kuulizwa, maana si iko tu pale? Mimi siku hizi, kabla sijagusa simu, nafungua kalenda ya mwezi. Ule wa angani.

Sababu ni hii. Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kupwa ni saa sita na dakika kidogo. Kila siku saa zenyewe husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, maji yanayojaa sana na kutoka sana. Mombasa tofauti ya kimo chake yaweza kukaribia mita nne. Mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu: yanapanda kidogo, yanashuka kidogo. Mtu aliyefika Diani wakati wa bamvua na mwenzake aliyefika wiki moja baadaye wanaweza kubishana kama walienda ufuo mmoja.

Somo hili nililipata kwa nahodha mmoja mzee, chini ya mti wa mkungu, tulipokwenda kukodi mashua ya kutupeleka kwenye fungu la mchanga linalochomoza baharini maji yakitoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwataka kwenda saa ngapi?"

"Saa tisa alasiri, watoto wakishakula."

Alicheka bila dharau. "Saa tisa hapana fungu, mwanangu. Jana usiku mwezi hukuuona? Ukiwa mpevu hivi, fungu hutoka saa nne asubuhi. Hiyo saa tisa yako maji yako njiani kurudi, na saa kumi yamefika kwenye ukuta wa hoteli."

Akanieleza kama anayemfundisha mtoto kusoma saa ya ukutani. Pwani ya Mombasa, siku za bamvua, maji hutoka kabisa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kabisa kwenye saa kumi, jioni na alfajiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka: yanajaa kwenye saa nne au saa tano asubuhi na kupwa jioni, ila kwa kiasi kidogo hivi kwamba mtoto anaweza kuoga karibu mchana kutwa. Nikishajua hivyo, nikiambiwa tu mwezi uko wapi naweza kukadiria siku itakavyokwenda, kisha nathibitisha kwenye jedwali la maji la bandari ya Kilindini, Mombasa, ambalo linapatikana kwa simu.

Kila kitu kingine tunakipachika juu ya hapo. Wiki ya bamvua, asubuhi ni ya kutembea juu ya mwamba na kwenda funguni, na jioni ni ya kuoga. Asubuhi hizo kila mtu avae sandak. Zile za plastiki tulizovaa shule ya msingi hazina mpinzani, kwa sababu matumbawe yanakata kama wembe na kwenye mashimo ya mwamba kuna vile viumbe vya miba mirefu myeusi ambavyo havimwonei mtu huruma. Ukikuta nahodha anayekuambia usikanyage matumbawe hai hata ukiwa na viatu, huyo mshike, mpe kazi zako zote. Wiki ya maji mafu tunaigeuza: maji hayakimbii sana, mchanga hautibuliwi, na kupiga mbizi kwa miwani kunafaa zaidi. Wenye watoto wadogo nawashauri wiki hii bila kufikiri mara mbili.

Ukiacha mwezi, kuna upepo, na upepo ndio unaoamua mwaka wako. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi. Joto ni kali na bahari kwa kawaida ni safi zaidi. Kusi hushika Aprili mpaka Septemba, na huja na masika mwanzoni, ndiyo maana Mei bei za nyumba hushuka na hoteli nyingine hufunga kabisa zifanye ukarabati. Agosti, ambapo Nairobi nzima inatoroka baridi, kusi bado lina nguvu. Bahari ya nje ina mawimbi, mwani unaweza kutupwa ufukweni kwa marundo, na wenye tumbo jepesi hutapika mashuani. Lakini miezi hiyo ndiyo ya nyangumi wa nundu, wanaopita kwenye maji yetu kuanzia Julai mpaka Septemba wakitoka bahari za kusini kuja kuzaa. Kwa hiyo swali "mwezi gani ni mzuri" huwa nalirudisha kwa aliyeuliza: unataka kuona nini, na tumbo lako likoje?

Usafiri sitauzungumzia sana, kila mtu ana imani yake. Sisi ni watu wa treni. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kutoka Syokimau hadi Miritini ni shilingi 1,500, ikiwa imepanda kutoka 1,000, na mweka hazina wetu hajawahi kusamehe jambo hilo. Ya usiku inakufikisha kabla ya alfajiri, wakati hakuna nyumba iliyo tayari kukupokea, kwa hiyo na watoto tunaikwepa. Ya asubuhi inapita Tsavo kukiwa na mwanga, na ndovu wakiwa karibu na reli behewa zima linahamia upande mmoja. Kutoka Miritini tunakodi gari dogo la abiria na kupitia barabara ya Dongo Kundu, bila kugusa feri ya Likoni. Tukifika Diani ni alasiri. Hapa ndipo kalenda ya mwezi inalipa: siku ya kuwasili ikiangukia bamvua, watoto wanashuka garini maji yakiwa yamejaa mpaka kwenye ngazi, na zile kelele za "tunaenda kuoga saa ngapi?" zinaisha kabla hazijaanza. Tiketi za Desemba na Agosti hukatwa mara tu zinapofunguliwa. Ukingoja mshahara, utasafiri na basi.

Malazi tumehama hoteli zamani. Kundi kama letu linapanga nyumba yenye mpishi. Wavuvi wanapita mlangoni asubuhi na changu, tafi, pweza, wakati mwingine kolekole mkubwa kuliko mtoto wa darasa la kwanza, na mpishi ndiye anayejadili bei. Usijaribu kujadili wewe na lafudhi yako ya Nairobi. Jioni unakula samaki wa kupaka na wali wa nazi, asubuhi mahamri na mbaazi. Mambo ya kuuliza kabla ya kutuma pesa: maji ya bombani ni ya chumvi? (Mengi ni ya visima, na ni ya chumvi, kwa hiyo ya kunywa yanunuliwe.) Umeme ukipotea kuna jenereta? Kutoka nyumba hadi ufuoni ni hatua ngapi, na njia hiyo ni ya nani? Nyumba nyingi zinazoitwa za ufuoni ziko ng'ambo ya barabara. Mimi huomba mwenye nyumba anipigie simu ya video akiwa anatembea kutoka sebuleni mpaka kwenye mchanga. Anayekataa kufanya hivyo tunaagana naye kwa heshima.

Na tumbili. Hakuna anayekuonya vya kutosha kuhusu tumbili. Wanaingia jikoni, wanafungua mkate, wanakutazama usoni wakiula. Mbega ni wengine kabisa, wapole, weusi wenye mabega meupe, na Diani ni mojawapo ya sehemu chache nchini ambapo utawaona kwa urahisi. Zile ngazi za kamba zinazoning'inia juu ya barabara zimewekwa wavukie bila kugongwa na magari. Watoto wetu waliwahi kukaa chini ya moja muda mrefu kuliko walivyokaa kwenye bwawa.

Sasa matembezi ya mila na historia, ambayo kwenye kundi letu ndiyo huzua ugomvi. Nusu ya watu wanataka kulala juu ya mchanga tu. Nusu nyingine wanaona kwamba kusafiri kilomita zaidi ya 450 kuja kulala ni dhambi. Tumepatana hivi: siku ya kutoka, kisha siku ya kukaa, zikipokezana, na asiyetaka kutoka halaumiwi. Siku za kutoka nazipanga maji yanapokuwa hayafai kuoga karibu na nyumba. Hakuna anayehisi amenyimwa bahari, kwa sababu wakati huo bahari yenyewe imeondoka.

Ya karibu kuliko zote ni Kaya Kinondo, kusini kidogo ya Diani. Ni msitu mtakatifu wa Wadigo, mmoja kati ya makaya ya Wamijikenda yaliyotiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Makaya mengi hayafunguliwi wageni. Hili wazee waliamua kulifungua kwa masharti. Unafungwa kitambaa cheusi kiunoni, kofia unavua, hakuna kukumbatiana wala kubusiana, na hutoki na chochote, hata jani. Kijana wetu mmoja wa kidato cha pili, bingwa wa kununa, aliingia akiburuta miguu. Mwenyeji wetu akamwambia akumbatie mti mkubwa na auambie shida yake. Alidhani ni mchezo. Alikaa pale kidogo, na njia nzima ya kurudi alikuwa akiuliza maswali: nani anaruhusiwa kuomba, mvua ikikosa nini hufanyika, kwa nini msitu huu haujakatwa wakati pande zote kuna hoteli. Swali la mwisho ndilo zuri, na jibu lilikuwa mbele ya macho yake: watu waliukataza mkono wao wenyewe.

Matembezi makubwa ni ya Shimoni na Wasini, na hayo hayapangwi kwa mzaha. Mnatoka nyumbani kukiwa bado na giza. Shimoni kuna mapango ya matumbawe ambamo watumwa walishikiliwa, na wanakijiji ndio wanaowaongoza wageni. Ndani kuna baridi kidogo na popo, na watu wazima wananyamaza. Ushauri wangu ni kuingia mapangoni asubuhi kabla ya boti ya kwenda kuona pomboo. Ukianza na pomboo na kumalizia na minyororo, watoto wanafika wamechoka na hawasikii, na wakubwa wanapiga picha za kicheko mahali pasipo na kicheko.

Kisha boti hadi Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti. Malipo ya Shirika la Wanyamapori hupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni. Fedha taslimu haisaidii, na bila kitambulisho unaweza kudaiwa bei ya mgeni. Fungua akaunti na lipa ukiwa Diani, usingoje gatini ambako mtandao unasuasua. Acha nyumbani chupa za plastiki za maji, kwa kuwa tangu Juni 5, 2020 plastiki ya kutumika mara moja imepigwa marufuku kwenye hifadhi. Na kabla ya kushika kamba ya boti, ongea na nahodha kuhusu pomboo. Wengine huwafukuza kwa injini ili abiria wafurahi. Tunamwambia mapema kwamba tukiwaona kwa mbali tumeridhika, na kwamba bakshishi haitegemei pomboo. Sentensi hiyo ya pili ndiyo hubadilisha mambo.

Chakula cha mchana ni Wasini, kisiwa kisicho na magari, ambacho wakazi wake Wavumba wana Kiswahili chao kitamu. Kuna kaa, kuna samaki, kuna mwani uliopikwa ambao watoto wetu waliuogopa na mweka hazina akaumaliza. Baada ya hapo kuna njia ya mbao ya kina mama wa kijiji, inayopita juu ya bustani ya matumbawe makavu na mikoko. Ukipita maji yakiwa yametoka, unatembea juu ya tope na kaa wadogo wekundu. Yakijaa, bahari inapita chini ya miguu yako. Pesa ya kiingilio inabaki kwa kina mama hao, nasi kama chama cha wanawake tunailipa bila kunung'unika, jambo adimu.

Mji wa Kale wa Mombasa na ngome ya Fort Jesus tunaviendea siku ya wiki, na si Ijumaa, kwa sababu adhuhuri maduka hufungwa watu waende kuswali. Ikiwa ni Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja, usitegemee mkahawa mchana, lakini jioni vyakula vya futari vinavyouzwa barabarani vinafidia njaa yote. Safari hii ndiyo tunavuka Likoni kwa miguu. Waendao kwa miguu hawalipi, na kwa watoto wa Nairobi feri ni burudani kamili. Tunangoja umati wa wafanyakazi wa asubuhi upite kwanza. Kina dada tunajitanda leso mabegani. Hakuna aliyetulazimisha, ila tumeona mazungumzo na wenyeji yanafunguka haraka mtu akija kwao kwa adabu na salamu kamili badala ya kamera.

Fort Jesus Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya mhandisi Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira tangu 1696 mpaka ikaanguka mwishoni mwa 1698. Habari hizo ukizisoma kwenye kibao zinakauka. Watoto walizielewa tulipofika kwenye vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, manowari ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati wa kuzingirwa kukohuko, kwa sababu dirishani waliweza kuonyeshwa yale maji yenyewe. Nenda asubuhi. Kuta zile saa saba mchana ni tanuri. Baadaye keti kwenye kivuli na kahawa chungu na kashata, nunua mabuyu na achari za kupeleka Nairobi, na usiwe na mpango mwingine hadi jioni.

Wenye nguvu wanaweza kuongeza Gede, karibu na Watamu, mji wa mawe uliohamwa katika karne ya 17 na kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024. Kutoka Diani ni mbali mno kwa siku moja, ingawa wauza safari wa ufuoni watakuambia hapana. Gede ni ya mtu aliyelala Watamu au Malindi. Tulipokaa Watamu tuliiunganisha na hori la Mida, ambapo ngalawa zinataka maji yamejaa ili zipite kati ya mikoko. Mnaona nilivyorudi kwenye mwezi tena. Wa Diani wasiotaka kwenda mbali, kaskazini ya ufuo kuna msikiti wa Kongo, wa kale, katikati ya mibuyu kwenye mlango wa mto, na bado unaswaliwa. Maji yakitoka mnaweza kwenda kwa kutembea mchangani. Angalieni tu saa ya kurudi.

Pesa tunazigawa mafungu matatu kwenye simu: usafiri na nyumba, chakula, na matembezi. La tatu haliguswi hata mwenye kiu ya soda akilia. Kabla ya kulitenga hivyo, siku ya Wasini ndiyo ilikuwa ya kwanza kufutwa, maana hela za nazi, henna na picha na ngamia wa ufuoni huyeyuka bila risiti.

Safari inayofuata kundi limechagua Lamu. Nimeshawaambia kwamba magofu ya Takwa kwenye kisiwa cha Manda yanafikiwa kwa mashua kupitia mkondo wa mikoko, na mkondo huo unapitika maji yakijaa tu. Kwa hiyo nataka siku tatu au nne baada ya mwezi nusu, ambapo maji hujaa mchana na si jioni. Wanaotaka ndege na wanaotaka basi hadi Mokowe bado hawasalimiani vizuri kwenye kikao. Mweka hazina ameuliza kama mwezi nusu hauwezi kungoja mshahara wa Novemba. Nimemjibu kwamba mwenye nyumba wa Shela, kule Lamu, anataka malipo ya nusu kufikia Ijumaa, na hilo ndilo tunalolijadili Jumapili.